Fundi, Kwa Nini Hukugonga Tangi?

Karatu, Jumatatu, saa moja na robo asubuhi

Fundi Amnaay,

Barua zangu zote huanza kwa kumwuliza mtu hali yake, kisha namwambia kwamba mimi ni mzima, hofu ni juu yake tu. Leo nimekaa na kalamu mkononi nisijue nianzie wapi. Hali yako naijua. Nilishika kamba ya upande wa kushoto tulipokushusha kaburini kule kwenu Daa, na udongo ulikuwa mkavu kiasi kwamba majembe yalilia kama yanagonga sufuria. Na mimi si mzima. Hofu iliyokuwa juu yako sasa yote iko juu yangu.

Nakuandikia nikiwa ofisini, kwenye ile meza inayoyumba uliyoiwekea kipande cha mpira wa tairi chini ya mguu mmoja. Kile kipande kipo bado. Mlango nimeuacha wazi kidogo ili nione barabara. Ng'ambo, kwenye hoteli, wamekaa mafundi wawili waliofika jana kutoka Arusha. Mitungi yao ya gesi imesimama mlangoni mwa gereji, miwili, mirefu kama watu wanaosubiri kuitwa. Wanamngojea tajiri wetu, Bwana Nasoro, aje na funguo. Unamjua, hafiki kabla ya saa tatu. Akifika watakata. Basi muda wangu ndio huo, na kama mwandiko utaharibika, utanisamehe. Wewe hukuwahi kuulaumu mwandiko wangu. Ulikuwa ukiutazama karatasini na kusema, "Karani, hizi herufi zako zimepanga foleni kama watoto wa shule." Ulidhani zote zinasema kweli kwa sababu zimenyooka.

Nikuambie kwanza habari za hapa.

Vuli haikuja. Kwetu Mbulumbulu wamepanda maharage mara mbili na mara zote mbili yamekauka yakiwa na majani mawili. Baba yangu amesema hatapanda tena, ameziweka mbegu chini ya kitanda. Huko juu kwenye ukingo wa kreta ukungu unashuka kila asubuhi kama zamani, unalowesha nguo za watu, lakini hauingii ardhini. Olbalbal, kule chini kwa wafugaji, ni vumbi tupu. Tangu ulipoondoka, miezi minne sasa, hakuna gari la maji lililoteremka kule.

Na habari kubwa: chesisi mpya imefika.

Ile uliyoiota, Fundi. Imekuja juu ya lori kutoka Arusha, nyeusi, inang'aa, na injini yake na magurudumu yake manne, bila kichwa wala bodi, uti wa mgongo mtupu. Ilipoteremshwa, watu walitoka madukani kuitazama. Yule mzee wa duka la vitambaa alisema inafanana na ng'ombe aliyechunwa. Mimi sikucheka. Nilisimama nikiwaza namna ambavyo ungeizunguka mara tatu ukiwa na nyundo yako ndogo, kisha ungelala chini yake mzimamzima, na kofia ungeniachia mimi.

Chesisi ni moja, na magari yanayoihitaji ni matatu. Unayakumbuka yalivyopangwa uani. La kwanza ni Bibi Harusi, lile gari la kifahari la mlowezi aliyeuza shamba lake la ngano akaenda zake: taa za shaba, viti vya ngozi, boneti ndefu ambayo kuku wa jirani hutagia chini yake. La pili ni basi la mbao la Mbulumbulu, lililozoea kuleta watu na magunia yao. La tatu ni gari la maji. Lile lako.

Walilileta wiki mbili baada ya maziko. Walilivuta kwa trekta, chesisi yake ikiwa vipande viwili, kila kipande kimefungwa kwa mnyororo wake. Kichwa kimebonyea upande wa dereva. Sipiti upande huo. Lakini tangi ni zima. Limekwaruzika tu, halivuji hata tone. Nililitia maji ndoo mbili nikangoja hadi jioni, chini pakabaki pakavu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Labda nilitaka livuje, ili kitu kingine zaidi yangu kiwe na kosa.

Fundi, kuna jambo ambalo hukulijua ulipokufa. Nimelibeba miezi minne na sasa siwezi.

Unakumbuka ile Alhamisi uliyoniita uani. Ulikuwa umelala chini ya gari la maji, miguu tu inaonekana, na ulikuwa ukigonga. Ulinifundisha mwenyewe: chuma kizima kinaimba, kilichopasuka kinakohoa. Uligonga mbele, kikaimba. Ukagonga nyuma ya kichwa cha gari, pale ekseli ya nyuma inapoanza kubeba. Ukaniambia, "Sikiliza." Nikasikiliza. Kilikohoa. Hata mimi, mtu wa karatasi, nilikisikia kikikohoa.

Ukatoka chini, ukajifuta mikono kwa lile tambara ambalo lilikuwa linaichafua zaidi. Ukasema, "Andika, Karani. Mwandikie Bwana Nasoro hivi hivi ninavyosema: Chesisi ya gari la maji imepasuka nyuma ya kichwa. Tangi lisipite nusu. Likipita nusu, litaua mtu."

Maneno yako yalikuwa hayo. Nayakumbuka moja moja.

Nikaingia ofisini nikakaa. Nikaandika neno la kwanza, nikalifuta. Nilimwona Bwana Nasoro akiisoma. Nilikumbuka siku niliyomwandikia kwamba stoo isifunguliwe bila ufunguo kurudishwa kwangu, akaniita mbele ya wateja, akauliza, "Bwana mdogo, tangu lini karani akamwamuru tajiri wake?" Wateja walicheka. Nilikumbuka mwalimu wetu wa darasa la nane, aliyetufundisha kwamba mkubwa haambiwi "fanya", mkubwa huarifiwa, kisha huachiwa. Nilimkumbuka baba na mbegu zake. Fundi, niliogopa. Sikuogopa kitu kikubwa. Niliogopa kutazamwa.

Nikaandika hivi: "Kwa heshima na taadhima, napenda kukuarifu kwamba chesisi ya gari la maji imeanza kuonyesha dalili za uchovu. Ingefaa, nafasi ikiruhusu, mzigo upunguzwe kwa kadiri utakavyoona inafaa."

Nilikuleteeni, wewe na nyundo yako, ile karatasi. Ukauliza, "Umeandika yote?"

Nikasema, "Yote, Fundi."

Hukuomba nikusomee. Hukuwahi kuomba. Ulisema kidau cha wino ni cha watu wa ofisini, ukachovya kidole gumba kwenye kopo la grisi, ukakandamiza chini ya maneno yangu. Alama ile ni nyeusi, imepenya karatasi hadi upande wa pili. Iko kwenye faili. Mimi ndiye mtunza faili.

Bwana Nasoro alisoma. Si mtu mbaya, Fundi, nataka hilo ulijue, usije ukamchukia huko uliko. Alisoma "kwa kadiri utakavyoona inafaa", akaona inafaa kupunguza madebe kumi. Madebe kumi, kwenye tangi la madebe mia moja. Watu wakalijaza jioni kwenye kijito, wakati wewe ulikuwa kwako Daa. Asubuhi yake dereva akaamka na homa, na wewe ukasema utalipeleka mwenyewe, ng'ombe hawana muda wa kungoja homa ya mtu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hapa hapa mlangoni na daftari. Ulimwuliza, "Bwana, ile barua yangu umeisoma?"

Akasema, "Nimeisoma, Fundi. Nimefanya kama ulivyotaka."

Ukanitazama mimi. Ulitabasamu. Ulinipa ile ishara yako ya kidole gumba, kidole kile kile, kana kwamba tumeshinda jambo pamoja. Halafu ukapanda.

Wewe uliyegonga kila kitu. Uligonga ndoo kabla ya kuchota, uligonga tikiti maji sokoni hadi mwenye tikiti akakufukuza, uligonga kizingiti cha ofisi hii kila asubuhi ukasema, "Mchwa wapo, Karani, wanasoma mafaili yako." Springi za lile gari zilikuwa zimelala hata likiwa tupu, kwa macho usingeweza kujua. Lakini tangi lilikuwa pale, hatua mbili kutoka mkononi mwako. Tangi la nusu lina sauti mbili, juu na chini. Lililojaa lina moja. Ungegonga mara moja tu.

Kwa nini hukugonga tangi?

Nimejiuliza kila siku na kila siku jibu ni lile lile. Hukugonga kwa sababu ulikuwa umeandikiwa. Kitu kilichoandikwa na mtu unayemwamini hakigongwi.

Na mimi nilikuwa na nafasi. Kutoka pale ulipowasha injini hadi ulipopita duka la mwisho, kulikuwa na nafasi ya kutosha kukimbia na kupiga kelele. Nilisema moyoni, labda madebe kumi yanatosha. Nilisema, Fundi ni mtu wa kwenda polepole. Nikarudi ndani nikaandika saa ya kuondoka.

Mteremko ule wa kushukia Olbalbal naujua kwa kusimuliwa tu. Sikuwahi kwenda. Wanasema ulikuwa umekwisha kuupita ukungu, jua linawaka, na watu waliokuwa wakingoja na ng'ombe chini waliliona gari, wakaanza kushangilia. Kisha walisikia mlio. Mmoja wao aliniambia ulikuwa kama mti mkubwa unapovunjika. Nyuma ilikwenda upande wake, tangi likasukuma kichwa.

Maji yalimwagika yote kwa mfuniko wa juu. Ng'ombe walikunywa kwenye makorongo ya barabara, kando yako.

Nasimama hapa kidogo.

Saa mbili kasoro. Mafundi wameagiza chapati. Mmoja anacheka sana, ana sauti nzuri. Hawana kosa lolote.

Siku ya tatu ya matanga, kule kwako, Bwana Nasoro alikuja na unga na sukari na kondoo wawili. Alilia, Fundi. Kisha watu wakaanza kunong'ona kwamba amekuua kwa gari bovu, naye akaumia, akaniagiza nilete faili. Nilileta. Alisimama mbele ya wazee wa kwenu akaisoma ile barua kwa sauti. "Dalili za uchovu," akasema. "Nafasi ikiruhusu. Haya ni maneno ya marehemu mwenyewe, na hiki ni kidole chake. Kama fundi mwenyewe hakuona hatari, mimi niliyeanza kwa kuuza chumvi ningeionaje?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasema taratibu, "Basi Amnaay alizeeka masikio." Mama Tluway, mke wako, alikuwa amekaa mkekani na kitenge kichwani. Aliinua macho, hakumtazama Bwana Nasoro, alinitazama mimi. Alijua wewe huandiki. Alijua mkono ni wangu. Alikuwa akiningojea niseme kitu. Nilifunga faili nikalikaza kwa kamba yake, mafundo mawili, nikasema, "Poleni sana."

Tangu siku hiyo jina lako limekuwa hivyo. Madereva wakikuta gari lina kasoro iliyofichika wanasema, "Hili limekaguliwa na Amnaay." Wanasema kwa mzaha, na hawajui kwamba nipo. Au wanajua.

Sasa ile chesisi. Ilipofika, Bwana Nasoro aliniita. Akasema, "Bwana mdogo, wewe ulikaa na marehemu, unajua historia ya kila gari. Niandikie lipi katika haya matatu lipandishwe juu ya chesisi mpya."

Nilichukua ile fimbo yako ya mzeituni. Niliikuta nyuma ya mlango, pale ulipoiacha, na alama zako zote: mkato mmoja kwa Bibi Harusi, miwili kwa basi, mitatu kwa gari la maji. Nilipima kama ulivyokuwa unapima, kutoka ekseli hadi ekseli. Alama ya mikato mitatu ilikaa sawasawa, Fundi. Sawasawa, kana kwamba kule walikoitengeneza walikuwa na fimbo yako. Matundu ya bolti za tangi yanahitaji kusogezwa unene wa kidole tu. Basi linapungua shubiri moja, lingewezekana kwa taabu. Bibi Harusi ni fupi mno. Kumpandisha yeye ni lazima chesisi ikatwe katikati, kipande kama hatua moja kitolewe, kisha iunganishwe kwa moto. Na wewe ulishaniambia, chesisi iliyokatwa itabeba wageni na vikapu vyao, lakini haitabeba maji tena maisha yake yote.

Kwa hiyo sikuwa na cha kuwaza. Na tena ulikwisha kusema. Siku ile mlipobishana na Bwana Nasoro habari za watalii wanaokuja kutazama wanyama kwenye kreta, na namna wanavyopenda magari ya zamani, ulisema ukiwa unakula kiazi, "Siku tukipata chesisi, wape watu wa Olbalbal. Mgeni anaweza kungoja akinywa chai. Ng'ombe hajui kungoja."

Nikakaa kuandika. Nikaandika kurasa mbili. Nikasifu taa za shaba za Bibi Harusi. Nikasifu mbao za basi. Kuhusu gari la maji nikaandika kwamba "vipimo vyake vinaelekea kukubaliana". Nikamalizia, "Uamuzi ni wako, Bwana, kwa hekima yako."

Nilifanya tena, Fundi. Kwa mkono huu huu. Miezi minne baada ya kukuzika nilikaa kwenye meza hii hii nikafanya lile lile, na sikugundua hadi nilipofikia nukta ya mwisho.

Alisoma, akafurahi. Akachukua chaki, akaenda uani, akamchora Bibi Harusi alama ya msalaba kwenye boneti, kuku akaruka. Nilimfuata. Nilijikaza nikasema, "Na gari la maji, Bwana?" Akanijibu kwa upole, ndio unaoniumiza, "Lile lina mkosi, bwana mdogo. Lilimwua fundi wake mwenyewe. Siwezi kuliwekea uti mpya nikampandisha mtoto wa mtu mwingine."

Unaona nilipokwama? Ili gari la maji lipate chesisi, lazima mtu amwambie kwamba halina mkosi. Lazima aambiwe kwamba gari lilikohoa, na fundi alisikia, na fundi alisema. Kwamba mkosi uko ofisini, umekaa kwenye kiti, una wino.

Ijumaa alikuja Mzee Lemburis. Ni yule mzee wa Olbalbal aliyekuwa akikuletea maziwa kwenye kibuyu. Anakuja kila baada ya wiki mbili tangu ulipokufa, kwa miguu, siku mbili njiani. Husimama pale mlangoni kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini, na kuuliza, "Karani. Gari?"

Nami humjibu, "Tunashughulikia, Mzee."

Ijumaa hakuondoka. Aliuliza, "Tunashughulikia ni nini? Ni kesho, au ni kesho kutwa?"

Nikasema, "Ni neno la ofisi, Mzee."

"Nililipeleka nyumbani mara nane hilo neno," akasema. "Ng'ombe hawalinywi." Kisha akatazama uani, akaiona chesisi mpya, akaona chaki kwenye gari la mlowezi. Hakuhitaji kusomewa. Akasema, "Amnaay angekataa."

Nikasema, "Amnaay amekufa, Mzee."

"Najua. Nilimtoa mimi. Tulipomtoa alikuwa bado ana maneno machache. Alisema, mwambie Karani tangi lilijaa. Nikadhani ni akili ya mtu anayekufa. Nani asiyejua kwamba tangi lilijaa? Maji yalikuwa kila mahali."

Fundi. Ulijua.

Pale chini, ukiwa umebanwa, ulisikia sauti ya maji yakimwagika ukajua ni mengi kuliko nusu. Ukadhani Bwana Nasoro amekudanganya, au ulijua ni mimi? Ulinitumia salamu ile ili niandike, nimshtaki mtu? Au ulikuwa unaniambia umenitambua? Nilimwuliza Mzee Lemburis sauti yako ilikuwaje ulipoyasema hayo, ya hasira au ya namna gani. Akasema ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa.

Alinitazama kwa muda mrefu, mzee yule. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Wewe bado layoni," yaani mvulana ambaye hajatahiriwa, na akaenda zake kwa miguu, siku mbili, bila maji.

Jumamosi na jana sikula. Kanisani nilikaa nyuma. Jana mchana nilichukua nyundo yako ndogo nikaenda uani, hapakuwa na mtu. Niligonga chesisi mpya kutoka mbele hadi nyuma. Iliimba yote, Fundi, mwanzo hadi mwisho, sauti moja safi; nilitamani uisikie hadi nikalia. Kisha nikagonga tangi. Tupu. Kengele.

Sasa ni saa mbili na nusu. Nimeandika karatasi nyingine, iko hapa chini ya barua hii. Ni fupi. Sikuandika "kwa heshima na taadhima". Nimeandika hivi:

"Chesisi ya gari la maji ilipasuka nyuma ya kichwa. Fundi Amnaay alisema tangi lisipite nusu, likipita nusu litaua mtu. Mimi nilibadilisha maneno yake. Gari halina mkosi. Chesisi mpya ina kipimo cha tangi. Isikatwe."

Maneno ni yako karibu yote. Nimeyasoma mara kumi kutafuta mahali pa kulainisha, na mahali papo, Fundi, mtu wa aina yangu hupaona haraka. Sijapagusa.

Sidhani itafaa. Lazima nikuambie hivyo, kwani nimekwisha kukudanganya mara moja na inatosha. Atanifukuza. Pengine polisi watakuja kuniuliza. Baba ataambiwa sokoni, mbele ya watu. Na pengine Bwana Nasoro atasoma, atanitoa nje, kisha atawageukia wale mafundi na kuwaambia, endeleeni. Wageni wake wamekwisha kuandikiwa. Olbalbal haina barua. Huenda leo jioni chesisi ile itakuwa imekatwa na mimi nitakuwa njiani kwenda Mbulumbulu na sanduku langu, na hakuna kilichobadilika ila kwamba kila mtu atajua. Na wewe utakuwa bado uko Daa chini ya ule udongo mgumu. Hakuna chesisi itakayokutoa.

Lakini masikio yako hayakuzeeka. Hilo angalau litasemwa kwa sauti, uani, mbele ya madereva.

Wamemaliza chapati. Mmoja amesimama, anapangusa mikono. Na kule kona ya msikiti namwona Bwana Nasoro anakuja, kanzu nyeupe, kapu la funguo mkononi, amewahi leo. Anafurahia gari lake.

Sitampa karatasi aisome mwenyewe. Nitamsomea, kwa sauti, nimesimama mbele ya mitungi. Akinitazama, na anitazame. Kisha nitaichukua na ile ya kwanza kwenye faili, ile yenye kidole chako, nitakwenda nazo Daa kwa miguu, nitakaa mkekani mbele ya Mama Tluway na nitasoma zote mbili, yako na yangu, ili asikie tofauti. Sitasema "poleni". Hiyo ndiyo ahadi, na sina nyingine yenye thamani ya kukupa.

Kwaheri, Fundi. Fimbo yako nimeirudisha nyuma ya mlango. Nyundo nakwenda nayo.

Sikutia saini ile karatasi. Nimefungua kopo lako la grisi, limekauka juu lakini chini bado ni laini, nimechovya kidole gumba.

Elia, karani wako